Kuchagua fundi wa remapu ya injini

Remapu ya injini ni kazi ya kubadilisha namba zilizomo katika programu ya kompyuta inayoongoza injini ya gari, ili injini itoe nguvu zaidi, itumie mafuta kwa namna nyingine au ikubaliane na vipuri vipya vilivyofungwa. Kompyuta hiyo hujulikana kwa mafundi wengi wa Afrika Mashariki kama kontroli boksi. Kazi yenyewe huchukua saa chache, haiachi alama ya spana mahali popote, na mwenye gari hawezi kuona kwa macho kilichofanyika. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa fundi una uzito kuliko katika matengenezo mengi. Breki zilizofungwa vibaya zinaweza kukaguliwa na fundi wa pili kwa dakika chache, lakini faili lililoandikwa vibaya linaweza kuendesha gari vizuri kwa miezi kadhaa kabla pistoni haijapasuka.

Soko kubwa la remapu liko Ulaya, hasa Uingereza na Ujerumani, na pia Marekani, kwa hiyo mifano mingi katika makala hii imetoka huko. Hali ya magari ya Afrika Mashariki, ambayo mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, imeelezwa katika sehemu yake.

Kazi yenyewe

Uongozaji wa injini kwa kompyuta ulianza kuenea baada ya mwaka 1979, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipotoa mfumo wa Motronic, uliofungwa kwanza katika BMW 732i. Mfumo huo uliunganisha upimaji wa petroli na wakati wa kuwasha cheche katika kompyuta moja. Katika miaka ya 1980 na 1990 kubadilisha programu kulimaanisha kufungua boksi, kung'oa chipu ya kumbukumbu na kuweka nyingine, na ndiyo asili ya jina la zamani la kazi hii, "kubadilisha chipu". Baadaye magari yaliwekewa soketi ya uchunguzi, kwa kawaida chini ya usukani. Soketi ya aina moja kwa magari yote ikawa ya lazima Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na katika Umoja wa Ulaya kuanzia 2001 kwa petroli na 2004 kwa dizeli. Kompyuta za injini zilipoweza kuandikwa upya kupitia soketi hiyo, mtu mwenye kompyuta ya mkononi na kebo aliweza kufanya remapu barazani kwa mteja. Urahisi huo ndio uliolijaza soko watu wa kila aina.

Ndani ya programu kuna majedwali. Jedwali moja linasema, kwa mfano, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika na mzigo wake ukiwa kiasi fulani, nozeli zipulize mafuta kiasi gani. Jingine linasema plagi ziwashe cheche nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu. Jingine linapanga shinikizo la turbo. Yapo pia majedwali ya mipaka: yanayozuia nguvu ya mzunguko isizidi uwezo wa giaboksi, yanayopunguza nguvu maji yanapochemka, yanayoongeza petroli ili kupoza moshi unaoelekea kwenye turbo. Kompyuta ya kisasa ina maelfu ya majedwali, na mengi yanategemeana. Anayepandisha shinikizo la turbo huku akizima jedwali la ulinzi wa joto atapata namba nzuri kwenye karatasi, lakini ameondoa kinga ambayo mtengenezaji aliiweka kwa sababu. Pistoni nyingi zimetengenezwa kwa aloi ya alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Joto la moto ndani ya silinda ni kubwa kuliko hilo mara kadhaa, na pistoni hubaki nzima tu kwa sababu moto ni wa muda mfupi na kuna oili na maji vinavyoipoza.

Watengenezaji huacha nafasi kati ya kile injini inachoweza na kile inachotoa kwa sababu gari la aina moja huuzwa katika nchi za baridi na za joto, hutiwa mafuta mazuri na mabaya, na huendeshwa na watu watakaochelewa kubadilisha oili. Injini za familia moja pia huuzwa kwa viwango kadhaa vya nguvu ili kutofautisha bei. Hata hivyo, mara nyingi toleo lenye nguvu zaidi lina turbo tofauti, nozeli tofauti au mfumo mkubwa zaidi wa kupoza. Fundi anayesema "ni injini ileile, wameibana tu kwa programu" bila kuangalia namba za vipuri anasema jambo ambalo hajalihakiki.

Kiasi cha nguvu kinachoweza kuongezwa kinajulikana vya kutosha kumpima mtu kwa ahadi zake. Injini yenye turbo kwa kawaida hupata ongezeko la asilimia 20 hadi 30 bila kubadilishwa kipuri chochote. Injini ya petroli isiyo na turbo hupata kidogo sana, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, kwa kuwa hewa inayoingia ni ileile. Mtu anayeahidi asilimia 30 kwa gari la lita 1.5 lisilo na turbo amejibu swali la uaminifu wake kabla hajaulizwa. Maneno "hatua ya 1", "hatua ya 2" na "hatua ya 3" yanayotumika katika biashara hii hayana kiwango rasmi kinachokubaliwa na wote. Kwa kawaida ya kwanza ni programu peke yake, ya pili huhitaji vipuri kama ekzosi na kipoza hewa, na ya tatu huhitaji turbo kubwa zaidi, lakini kila kampuni huchora mipaka yake.

Nani ameandika faili

Mteja wengi hudhani kwamba mtu anayechomeka kebo kwenye gari ndiye aliyeandika programu mpya. Mara nyingi sivyo. Vifaa vya kusomea na kuandikia kompyuta za injini, kama KESS ya kampuni ya Alientech ya Italia, vimekuwa vikiuzwa kwa namna mbili. Kifaa kikuu kinamruhusu mwenyewe kulifungua faili na kulihariri, kwa kawaida kwa programu kama WinOLS ya kampuni ya EVC ya Ujerumani. Kifaa tanzu husoma faili likiwa limefungwa kwa siri, na linaweza kufunguliwa tu na mwenye kifaa kikuu ambacho kifaa tanzu kimeunganishwa nacho. Mwenye kifaa tanzu hulituma faili kwa kampuni hiyo kwa intaneti, hurudishiwa lililobadilishwa pengine ndani ya saa moja, naye huliandika kwenye gari.

Mpango huo si udanganyifu kwa wenyewe. Duka la dawa halitengenezi dawa. Gereji ndogo iliyo chini ya kampuni yenye wahandisi na mashine zake za kupimia inaweza kutoa kazi bora kuliko fundi anayejifunza kuhariri mwenyewe kwa kutumia magari ya wateja. Tatizo huanza gereji isipojua au isipotaka kusema faili limetoka wapi, maana injini ikianza kugonga hakuna mtu wa kulirekebisha. Swali la kwanza la kumwuliza fundi kwa hiyo ni nani ameandika faili, na la pili ni kama mwandishi huyo atapokea rekodi za sensa za gari hili na kulibadilisha faili zikionyesha hitilafu. Anayejibu bila kusita kwamba yeye ni mwakilishi wa kampuni fulani na mawasiliano yanapita kwake amesema ukweli unaoweza kuhakikiwa kwa kuiuliza kampuni hiyo.

Maneno "remapu maalumu kwa gari lako" yana thamani ndogo katika matangazo. Faili linalorudi baada ya dakika 20 karibu kila mara ni faili la kawaida kwa aina hiyo ya gari, lililopakwa juu ya lile la asili. Kwa gari lisilobadilishwa vipuri hilo linaweza kutosha kabisa. Kwa gari lililofungwa turbo nyingine halitoshi, na hapo fundi hana budi kuandika, kupima, kusoma rekodi na kuandika tena mara kadhaa.

Vifaa bandia ni hatari ya pekee. Nakala zisizo halali za vifaa vya kuandikia huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya vile halisi, na hazipati masasisho wala msaada wa mtengenezaji. Uandishi ukikatika katikati, au jumla za uhakiki za faili zisipokokotolewa sawasawa, kompyuta inaweza kukataa kuwaka na gari likabaki palepale. Fundi mwenye kifaa halali anaweza kuonyesha akaunti yake na usajili wa kifaa. Jambo dogo jingine la kutazama ni umeme: wakati wa kuandika, fundi makini huunganisha chaja maalumu inayoshikilia volti za betri, kwa sababu betri ikishuka katikati ya kazi matokeo ni yaleyale ya uandishi uliokatika.

Kabla ya kugusa programu

Namna fundi anavyoanza husema mengi kuliko namna anavyomaliza. Remapu haitengenezi gari bovu. Inaongeza mzigo juu ya ubovu uliopo. Fundi anayejua kazi yake huuliza gari limetembea kilomita ngapi, oili ilibadilishwa lini, giaboksi iliwahi kufunguliwa au la, gari linavuta trela au la, na linatiwa mafuta gani. Kisha husoma kumbukumbu za hitilafu na kuliendesha gari huku akirekodi sensa: shinikizo la turbo lililoombwa na lililopatikana, joto la hewa inayoingia, mchanganyiko wa hewa na mafuta, marekebisho ya kila nozeli kwenye dizeli, na kiasi ambacho kompyuta imelazimika kuchelewesha cheche kwenye petroli kwa sababu injini inagonga.

Kugonga huko kunastahili maelezo, kwa sababu ndiko kunakoua injini nyingi za petroli zilizoremapiwa vibaya. Kwa kawaida cheche huwasha mchanganyiko na moto husambaa kwa utaratibu. Shinikizo na joto vikizidi, sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hujiwasha yenyewe kwa mshindo. Sauti yake ni kama ya kokoto ndani ya kopo, ingawa katika gari la kisasa lenye kelele ndogo dereva anaweza asiisikie kabisa. Sensa ya kugonga huisikia, na kompyuta huchelewesha cheche. Kurekebisha huko kunapotokea mara chache si ajabu. Kukitokea kila mara gari linapokanyagwa, programu imepitiliza au mafuta hayafai. Fundi anayeweza kuonyesha mstari huo katika rekodi, na kueleza maana yake kwa mtu asiye fundi, ni wa kuaminiwa kuliko yule anayeonyesha farasi tu.

Giaboksi na klachi husahaulika. Giaboksi ya kujiendesha ya Volkswagen yenye gia 7 na klachi kavu, inayojulikana kama DQ200, imekadiriwa nguvu ya mzunguko ya newtonimita 250. Ndugu yake ya gia 6 yenye klachi za kwenye oili, DQ250, imekadiriwa 350. Injini inayotoa 250 tangu kiwandani, ikiwa imefungwa kwenye DQ200, haina nafasi yoyote iliyobaki kwa upande wa giaboksi hata kama turbo ina nafasi kubwa. Fundi mwema hulisema hilo kabla ya kupokea pesa. Wapo wanaoacha nguvu ya mzunguko ilivyo kwenye mizunguko ya chini na kuongeza tu kuelekea juu, jambo linaloipa klachi nafuu.

Fundi kukataa kazi ni dalili njema. Gari lenye turbo inayovuja oili, au dizeli yenye nozeli moja iliyochoka, linatakiwa kurudishwa nyumbani na orodha ya matengenezo.

Karatasi ya vipimo

Gereji nyingi hupima nguvu kwa dainamomita, mashine ambayo magurudumu ya gari huzungushia roli zake. Karatasi inayotoka humo ina nguvu kubwa ya kushawishi, na kwa hiyo inafaa kujua kuisoma.

Nguvu hupimwa kwa vizio mbalimbali. Nguvu farasi ya Kijerumani, PS, ni kilowati 0.7355, na ya Kiingereza ni kilowati 0.7457. Tofauti ni ndogo, ila inatosha kumpamba mtu anayechanganya vizio. Kubwa zaidi ni tofauti kati ya nguvu iliyopimwa kwenye magurudumu na ile inayokadiriwa kwenye injini, kwa sababu giaboksi, difu na matairi hula sehemu yake. Fundi anayelinganisha namba ya injini baada ya remapu na namba ya magurudumu kabla ya remapu ametengeneza ongezeko kwa kalamu. Mashine mbili tofauti pia hazitoi namba moja kwa gari moja. Kipimo chenye maana ni cha kabla na baada, kwenye mashine ileile, siku ileile, gia ileile, na injini ikiwa imepata joto lilelile. Pasipo kipimo cha kabla, cha baada hakithibitishi chochote.

Ipo hesabu rahisi ambayo mwanafunzi wa fizikia anaweza kuifanya akiwa amesimama gereji. Nguvu kwa kilowati ni nguvu ya mzunguko kwa newtonimita, mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 9,549. Injini inayotoa newtonimita 320 kwenye mizunguko 4,000 inatoa kilowati 134, yaani kama PS 182. Mstari wa nguvu na mstari wa mzunguko kwenye grafu lazima vikubaliane na hesabu hiyo katika kila nukta. Kwenye grafu za Marekani na Uingereza, zinazotumia nguvu farasi za Kiingereza na futi-pauni kwa skeli moja, mistari miwili hukutana daima kwenye mizunguko 5,252. Isipokutana hapo, grafu imechorwa na mtu badala ya mashine.

Umbo la mstari lina maana kuliko kilele chake. Mstari unaopanda kama ukuta kwenye mizunguko 1,800 unaleta raha ya dakika tano na mzigo mzito kwa fimbo za pistoni na klachi, kwa kuwa shinikizo ndani ya silinda ni kubwa huku pistoni ikienda polepole. Mstari laini wenye kilele cha chini kidogo ndio unaoonyesha kazi ya mtu aliyefikiria injini itakavyokuwa baada ya kilomita 100,000.

Kung'oa vichujio

Sehemu ya biashara hii inahusu kuzima mitambo ya kusafisha moshi: kichujio cha masizi cha dizeli, vali ya kurudisha moshi kwenye injini, na masega ya ekzosi. Kichujio cha masizi kilichoziba ni ghali kubadilisha, na gereji hutoa suluhisho la bei rahisi la kukipasua na kuifundisha kompyuta isikitafute. Shirika la Mazingira la Marekani lilikadiria mwaka 2020 kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeondolewa mitambo hiyo katika kipindi cha takriban miaka 10. Masizi hayo huvutwa na watu wanaotembea kando ya barabara, ambao hawakuulizwa.

Kisheria jambo hili limefungwa katika nchi nyingi. Marekani Sheria ya Hewa Safi inakataza kuondoa mitambo hiyo na pia kuuza vifaa vya kuifanyia kazi hiyo. Uingereza ukaguzi wa kila mwaka wa magari, MOT, ulianza Februari 2014 kuangalia kama kichujio kipo, na kuanzia Mei 2018 gari lenye kichujio kilichochezewa, au linalotoa moshi unaoonekana, hushindwa. Kuendesha gari la namna hiyo barabarani kunaweza kuleta faini ya hadi pauni 1,000, au 2,500 kwa gari dogo la mizigo.

Kwa anayetafuta fundi, jambo hili ni kipimo hata kama hana nia ya kung'oa chochote. Gereji inayotangaza kazi hiyo hadharani katika nchi inayoikataza imeonyesha inavyoichukulia sheria, na si rahisi kuamini kwamba itakuwa makini zaidi na dhamana yake kwa mteja. Huduma hiyo kwa magari ya mashindano yasiyoingia barabarani ni suala tofauti, mradi gari kweli haliingii barabarani.

Dhamana, bima na usajili

Ujerumani ndiyo yenye utaratibu ulio wazi zaidi. Chini ya kanuni za usajili wa magari, StVZO, kifungu cha 19, badiliko linalobadilisha aina ya gari iliyoidhinishwa, linaloleta hatari au linaloharibu moshi au kelele hufuta kibali cha gari kutembea. Kampuni kubwa za huko hutoa programu pamoja na cheti cha kipuri kilichopimwa na taasisi kama TÜV, na mabadiliko ya nguvu huandikwa katika hati za gari. Bei inapanda, lakini mteja anapata karatasi ambayo mtu wa tatu amepima moshi na kasi kabla ya kuitia sahihi. Kwa Ujerumani, fundi asiye na cheti anauza gari lisilo na kibali.

Uingereza hakuna cheti cha lazima cha namna hiyo, na mzigo unamwangukia mwenye gari. Kwa sheria ya mwaka 2012 ya taarifa katika bima za watumiaji, mteja ana wajibu wa kuchukua uangalifu wa kutosha asitoe taarifa za uongo anapoulizwa na kampuni ya bima, na maswali ya kampuni hizo kwa kawaida hugusa mabadiliko ya injini. Bima inaweza kukataa kulipa ikigundua remapu iliyofichwa. Fundi mwaminifu humkumbusha mteja kuiarifu bima, tena humpa barua inayotaja ongezeko. Anayesema "hawawezi kujua" anamfundisha mteja kosa ambalo yeye hatalilipia. Upande wa pili, Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inamtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, na kazi ikiwa mbovu mteja anaweza kudai irudiwe au apunguziwe bei. Madai hayo yanahitaji risiti yenye jina la biashara, namba ya gari na maelezo ya kazi. Fundi anayekuja na gari lake, akapokea fedha taslimu na kuondoka bila karatasi, hatapatikana siku ya madai.

Dhamana ya kiwanda nayo iko hatarini. Katika magari ya kundi la Volkswagen, mfumo wa wakala ukiikuta programu isiyolingana na ya kiwandani, gari huwekewa alama ya TD1 katika kumbukumbu za kampuni, na kurudisha programu ya asili hakuifuti. Ahadi ya fundi kwamba remapu yake "haionekani" kwa hiyo ni ya kutiliwa shaka sana.

Magari ya Afrika Mashariki

Magari mengi ya Kenya, Tanzania na Uganda yamepitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam yakitoka Japani yakiwa yametumika. Programu zake ziliandikwa kwa ajili ya Japani: kizuizi cha kasi ya kilomita 180 kwa saa, na kwa magari yenye turbo kama Subaru Impreza WRX na Forester ya turbo, petroli ya daraja la juu ambayo huko huuzwa ikiwa na okteni 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya Afrika Mashariki iko chini ya hapo, 93 hadi 95. Injini ikitiwa petroli hiyo hugonga mapema zaidi, na kompyuta huchelewesha cheche kadiri inavyoweza.

Uingereza ilipitia jambo hilohilo ilipoingiza Impreza zilizotumika kutoka Japani miaka ya 1990, na mafundi wa huko walipata sifa kwa remapu zilizolenga kuilinda injini dhidi ya petroli ya okteni 95 na 97. Kwa magari ya aina hii, remapu yenye busara inaweza kupunguza shinikizo au kurudisha cheche nyuma, na mteja akaondoka na nguvu ileile au pungufu kidogo na injini itakayodumu. Fundi wa Nairobi au Dar es Salaam asiyeuliza petroli inatiwa wapi ameruka swali muhimu kuliko yote. Faili lililonunuliwa kutoka Ulaya kwa gari la namna hiyo limeandikwa kwa petroli nyingine tena, na kwa hewa nyingine.

Hewa ina habari yake. Nairobi iko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 80 ya la Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Yenye turbo hujaribu kufidia kwa kuzungusha turbo haraka zaidi, kwa hiyo programu iliyoandikwa pwani ikasukuma turbo hadi mwisho wa uwezo wake inaweza kuizidisha mwendo bara. Mwinuko huo pia huchezea karatasi ya vipimo. Dainamomita husahihisha namba kwa fomula, kama ile ya SAE J1349, ili kufidia hewa nyepesi. Fomula hiyo hufaa injini isiyo na turbo, lakini ikitumika kwa gari la turbo ambalo tayari limejifidia lenyewe, huongeza farasi wasiokuwepo. Mteja wa Nairobi ana haki ya kuomba aone namba isiyosahihishwa.

Kuhusu dizeli, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kiwango cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Ulaya ni sehemu 10. Kwa bima, Kenya na Tanzania zimerithi kanuni ya sheria ya Kiingereza ya nia njema kabisa, ambayo inamtaka anayekata bima aseme mambo yanayogusa hatari anayoikatia; remapu inayoongeza nguvu ni mojawapo.

Baada ya kazi

Kitu ambacho mteja anapaswa kuondoka nacho kabla ya kingine chochote ni nakala ya faili la asili lililosomwa kwenye gari lake, pamoja na namba ya toleo la programu. Baadhi ya njia za kuandika kupitia soketi hazisomi faili lililo ndani ya gari. Huchukua faili la kiwandani la toleo hilo kutoka kwenye hifadhi. Fundi anatakiwa kusema ametumia njia gani. Inafaa pia kupatana mapema kuhusu masasisho: wakala akiandika programu mpya ya kiwandani wakati wa matengenezo, remapu hufutika, na kampuni nyingi hurudisha faili bila malipo au kwa ada ndogo ikiwa jambo hilo limeandikwa kwenye risiti.

Anayenunua gari lililotumika anaweza kujua kama limeremapiwa kwa kumwomba fundi alinganishe jumla za uhakiki za programu na za kiwandani, au kwa kutazama kama nguvu iliyopimwa inapita ile ya hati. Faili la asili likiwepo, kulirudisha ni kazi ya muda mfupi. Lisipokuwepo, fundi hulitafuta kwa namba ya kompyuta na ya toleo zilizochapwa kwenye boksi lenyewe, na kwa magari yasiyo ya kawaida huenda akalazimika kununua kompyuta nyingine nzima na kuiunganisha na funguo za gari.